Kidole cha Bi Harusi

Siku ya kuagwa kwangu wenzangu wa ofisini waliandaa chai, mahamri na maneno mazuri kuliko niliyostahili. Baada ya maneno, binti aliyekalia kiti changu aliniuliza mbele ya wote, "Bi Rukiya, tuachie basi siri ya kazi." Nilicheka, nikamwambia sina siri. Nilipofika nyumbani nikakumbuka kuwa ninayo moja, nayo ndiyo hii ninayoiandika. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa umri wa kuikumbuka, na haya ya kutosha nisiipambe.

Nilikuwa karani wa uandikishaji hapa kisiwani Mombasa. Niliandikisha vizazi, kisha vitambulisho, na ulipofika wakati wa uchaguzi niliazimwa kwenda kusimamia wapiga kura. Mambo ya vyeo sitayaandika. Waliopanda walipanda, na hesabu yao iko mahali pengine. Nitaandika yanayoweza kuwafaa ninyi mnaoketi sasa kwenye madawati yetu.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Mzee Katana, mtu wa Kaloleni, Mkristo asiyekosa kanisa, mfupi, mwenye suti moja ya kijivu aliyoivaa kila siku ya uchaguzi kama vile wengine wanavyovaa kanzu ya Idi. Yeye ndiye aliyenifundisha kutumia rula. Unaiweka chini ya jina daftarini, unalisoma jina lote mpaka la babu, ndipo unainua macho kumtazama mwenye jina. "Karatasi kwanza, uso baadaye," alikuwa akisema. "Ukianza na uso utaliona jina unalolitaka." Rula ile ilikuwa ya mbao, imeliwa pembe moja, na nilipoazima ya plastiki aliniambia ya plastiki huteleza jina la pili likawa la tatu. Mpaka leo siiamini plastiki.

Mwaka wa tisini na mbili, vyama vingi viliporudi, tulipangwa kituo kimoja cha Mji wa Kale, ndani ya skuli ya msingi. Wanawake wengi wa huko walikuja wamevaa buibui na nikabu, na mwanamume hangeweza kuwatazama nyuso kuzilinganisha na kitambulisho. Kwa hiyo pembeni mwa darasa tulitundika pazia, shuka la kitanda lenye maua, na nyuma yake niliketi mimi. Mwanamke anaingia, anafunua uso, namtazama, anafunika, anatoka kwenda kuchukua karatasi zake. Kazi ilikuwa nyepesi ya mikono na nzito ya adabu. Wako waliokuwa hawajaonwa na mtu asiye wa nyumbani mwao tangu waolewe.

Siku hiyo aliingia bibi mmoja mkongwe, akaketi bila kuambiwa, akanishika goti.

"Mwanangu, nimpigie nani?"

"Bibi, hilo siwezi kukwambia."

"Hujui?"

"Hata nikijua, Bibi, siwezi kukwambia."

Akanitazama kwa huruma. "Basi wewe wamekuweka hapa ufanye nini?"

Nikamlinganisha uso na kitambulisho, nikamwelekeza kwenye karatasi zake. Lakini nilipenda kazi. Nilipenda kuwa peke yangu nyuma ya lile pazia, na wanawake wa mji kupita mbele yangu mmoja mmoja. Niseme ukweli: nilipenda kuwa hakuna mwingine awezaye kufanya nilichokifanya.

Ndipo akaja Maimuna.

Aliletwa mwaka wa tisini na saba, wakati wa kuandikisha wapiga kura upya, kama karani wa muda. Alikuwa mwanamke wa Kibokoni, mpaka hina anayewapamba maharusi, na mamake alikuwa mpaka hina kabla yake. Hakusoma sana. Mwandiko wake ulipanda mlima na kushuka. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, na kabla ya hapo nilisomeshwa kitabu na marehemu babangu, aliyekuwa na chuo chake cha Kurani cha watoto humu humu mjini. Nilimpokea vizuri. Nilimwonyesha rula.

Katika wiki ya pili niliona kuwa foleni ya meza yangu inapungua na ya kwake inafika barabarani. Meza zilikuwa bega kwa bega, kazi ni ile ile. Nikawaambia wawili watatu, "Dada, hapa hakuna mtu, njoo." Wakanijibu kwa adabu, "Tunamngoja Bi Maimuna." Wengine walimletea kaimati katika vibakuli vilivyofunikwa kwa leso. Alinigawia, nikala, nisiseme ni tamu.

Alikuwa anawajua kwa mikono. Mwanamke akiweka kitambulisho mezani, bado hajafunua uso, Maimuna humwambia, "Wewe si mtoto wa Bi Sauda mkunga? Nilikupaka harusini kwa dadako." Na huwa ndiye. Mimi niliyekariri majina ya ukoo mpaka babu wa nne sikuweza hilo. Nikajiambia ni umbea, si ujuzi. Nikajiambia daftari lake ni chafu, na lilikuwa chafu kweli, nami nikalionyesha kwa Mzee Katana mara mbili bila kuulizwa.

Mzee Katana alilitazama, akalifunga, akaniambia, "Bi Rukiya, hebu siku moja ukipata nafasi umtazame Maimuna anavyofanya kazi."

Sikulala vizuri kwa neno hilo.

Kisha yakaja mafunzo, siku chache kabla ya kura, katika ukumbi mmoja wa Ganjoni. Ofisa wa tume alieleza kuwa kila mpiga kura ataangaliwa vidole mlangoni, na mwenye wino kidoleni atarudishwa, kwa sababu ilihofiwa wako wenye kadi mbili watakaopiga huku na huku. Akauliza kama kuna swali. Maimuna akainua mkono.

"Bwana, hii ni Shaaban inakwisha. Mji wa Kale sasa hivi ni harusi juu ya harusi, watu wanaikimbilia kabla ya Ramadhani. Mtaona mikono yenye vidole kumi vyeusi kwa piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, na mwenyewe hajapiga kura popote. Na mjanja aliyepiga atakwenda apake piko juu ya wino."

Ofisa akauliza, "Sasa tutajuaje?"

"Piko hukaa juu ya ngozi, Bwana, na ukiigeuza kwenye mwangaza hung'aa. Wino huingia kwenye mkunjo wa kucha, na haung'ai."

Watu wakapiga makofi. Makarani wa Tononoka na Kizingo walimzunguka wakati wa chai kumwuliza zaidi. Nami nilikaa na kikombe changu nikifikiri: nimezaliwa Mji wa Kale, nimepakwa piko mimi, nimewapaka watoto wangu, na neno hilo halikunijia kichwani hata mara moja. Hapo ndipo nilipogundua kuwa mtu anaweza kuumwa na jambo ambalo hakunyang'anywa.

Siku yenyewe ilianza kwa mvua, ile mvua ya mwaka ule iliyokataa kwisha. Mzee Katana, aliyekuwa msimamizi wa kituo, aligawa kazi. Maimuna alimpa pazia. Pazia langu. Mimi akaniweka mlangoni kuangalia vidole, kwa sababu, alisema, mlango wataka mtu mzima asiyetishika. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ukishuku kidole, mwite Maimuna akitazame. Ni hatua nne tu."

Nikasema sawa. Moyoni niliweka nia kuwa sitamwita.

Asubuhi nilifanya kazi vizuri, na hilo nasema bila kujisifu. Niliona mikono ya hina, mikono ya saruji, mikono ya wauza samaki, na mmoja aliyepaka rangi ya kucha juu ya wino nikamrudisha, akaondoka akicheka mwenyewe. Mbele yangu waliketi mawakala wawili, mmoja wa chama tawala na mmoja wa upinzani, wakibishana tangu saa kumi na mbili alfajiri juu ya kila kitu, hata juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe.

Kiasi cha saa nne akaja bi harusi. Jina lake Swafiya, kama lilivyoandikwa kwenye kitambulisho. Alikuwa amefunikwa mzima, na ameshikwa mkono na somo wake, Bi Zena, yule mwanamke anayekaa na bi harusi kumwelekeza katika zile siku saba za fungate ambazo hatoki nje.

"Tazama upesi, Bi Rukiya," alisema Bi Zena. "Nimemtoa siku ya nne, na mamake mume anahesabu dakika. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania. Ni kura yake ya kwanza."

"Mikono," nikasema.

Akaitoa. Vidole vilikuwa vyeusi mpaka kiungo cha kwanza, piko nzuri, imekolea. Lakini kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho ndicho tulichochovya wino, kilikuwa cheusi zaidi ya vingine, na weusi ulikuwa umeingia kwenye mkunjo wa kucha. Nikakigeuza. Sehemu yang'aa, sehemu haing'ai.

"Bi Zena, hapa pana wino."

"Wino? Hiyo ni piko, mama! Kwani wewe hukuolewa?"

Foleni ikacheka.

"Niliolewa wewe hujajua kufunga leso," nikamjibu, na foleni ikacheka zaidi, nisijue inamcheka nani.

Wakala wa chama tawala akainuka. "Ameshapiga huyo! Kituo chengine!" Wakala wa upinzani naye akainuka. "Arudishwe!" Ndiyo mara pekee siku ile niliyowaona wakikubaliana, kila mmoja akidhani kura ni ya mwenziwe.

Mzee Katana alikuwa ndani akimsaidia kipofu. Maimuna alikuwa nyuma ya pazia, hatua nne, na kwa kishindo cha mvua mabatini hasikii ya mlangoni mpaka aitwe kwa sauti. Neno la kusema lilikuwa moja, nalo ni jina lake. Nililipata ulimini, nikalirudisha.

"Hapigi," nikasema. Nikachukua fomu ya waliokataliwa, nikaandika jina lake mpaka la babu, kwa mwandiko wangu mzuri.

Yule mtoto akasema polepole, kutoka ndani ya nikabu, "Bi Rukiya, wallahi sijapiga."

"Mimi natazama kidole, mwanangu. Sitazami kiapo."

Walipogeuka kuondoka, mtu mmoja katika foleni akapaza sauti, "Bi harusi wa kura mbili!" Nilijua jina lile litafika nyumbani kwa mumewe kabla yake. Vichochoro vyetu vi hivyo. Nikamwambia anayefuata, "Mikono."

Adhuhuri tulipeana zamu kuswali katika darasa la nyuma. Nilikuwa nimetoka kutawadha, natandika msala, Maimuna akaingia akijipangusa uso.

"Bi Rukiya, hujamwona Swafiya? Bi harusi wangu. Aliniapia atakuja."

"Bi harusi wako?"

"Nilimpaka mimi, Alhamisi. Akanitia wazimu! Kidole hiki kidogo cha kushoto alikikunja kabla ya kukauka, piko ikamwagikia kucha, nikarudia mara mbili. Nikamwambia, wewe siku ya kura watakukamata." Akacheka. "Akija nitawaonyesha wale mawakala, wapate kujua piko ni nini."

Nikafunga swala. Rakaa nne zile, sijui kama zilikuwa tatu au tano. Kila alfajiri kwa miaka mingi nilikuwa nikisoma sura za kinga, kujikinga na shari ya hasidi, na huwa nikiwafikiria majirani fulani. Siku ile nilipokuwa nimesujudu ndipo nilipojua kuwa hasidi alikuwa juu ya msala wangu.

Ningeweza kunyamaza. Fomu ingeingia kwenye bahasha, bahasha ingefungwa, na karani aliyeshuku kidole hana kosa kwa mujibu wa sheria. Lakini mtoto wa watu alikuwa ndani ya nyumba ya wakwe kwa siku ya nne tu, akiitwa mdanganyifu. Na kura yake ya kwanza nilikuwa nimeikalia mimi.

Nilikwenda kwa Mzee Katana, nikamweleza. Alinisikiliza huku akipanga kalamu zake.

"Ulimwita Maimuna?"

"Sikumwita."

"Hukumwona?"

"Nilimwona."

Akaipanga kalamu ya mwisho. "Haya. Daftarini jina lake halijaguswa. Mawakala nitazungumza nao. Akija kabla hatujafunga, atapiga kura. Lakini siwezi kutuma askari nyumba ya fungate, na mimi mwenyewe siwezi kuingia." Akanitazama. "Nenda."

Maimuna alishika mlango badala yangu bila kuuliza kwa nini. Hata hilo liliniudhi.

Nyumba ilikuwa upande wa Kuze. Nilipiga hodi, Bi Zena akafungua mlango nusu.

"Sasa umekuja kuhesabu vidole vya miguu?"

"Nimekuja kumwita, Bi Zena. Atapiga kura. Nilikosea."

"Hakuna kumwita. Nimemtoa mara moja mkamtia fedheha, mnataka mara ya pili?"

Ndani kukatoka sauti ya mwanamke mzima, "Mwache aingie." Alikuwa mamake mume, ameketi juu ya mkeka, tasbihi mkononi. Swafiya alikuwa chumbani, na nilimsikia akilia, kile kilio cha mtu asiyetaka kusikiwa.

"Bi Rukiya," akasema yule mama, taratibu, "watoto wa kichochoroni washamtungia wimbo mke wa mwanangu. Mwanangu akirudi nimwambie nini?"

"Mwambie karani alikosea."

"Kukosea ni kwa macho," alidakia Bi Zena, "na macho yako mazima."

Nilisimama pale na viatu vyangu vya matope mkononi. Nikasema, "Ni kweli. Alikuwapo ajuaye kuliko mimi, hatua nne, na niliamriwa nimwite. Nilimwonea kijicho. Nikaona heri kumkataa mtoto kuliko kulitamka jina la yule."

Tasbihi ilisimama. Kilio cha chumbani nacho kikasimama.

"Hayo," akasema yule mama, "usiniambie mimi hapa mkekani. Ukayaseme pale pale ulipomwambia hapana. Zena, mvishe mtoto buibui."

Tulikwenda watatu, mvua ikitunyeshea. Foleni ilikuwa bado ndefu, na wengi walikuwa wale wale, au walikuwa wameshahadithiwa na wale wale. Nilisimama mlangoni. Nimesomesha, nimehutubia vikao vya akina mama, sauti yangu si ndogo, lakini ilinibidi nianze mara mbili.

"Enyi watu. Asubuhi nilimrudisha huyu mke wa watu nikasema ana wino. Hana. Ni piko. Sikumwuliza Bi Maimuna kwa sababu nilikuwa na kijicho naye. Kosa ni langu, si lake. Na aliyemwita jina, alirudishe kinywani mwake."

Maimuna aliyasikia yote, yuko kando yangu. Hakunitazama. Aliinua mkono wa Swafiya, akaugeuza kwenye mwangaza wa mlango, akawaita mawakala kama mwalimu aitavyo watoto ubaoni. "Njooni mtazame. Huku nilipaka mara moja, huku mara mbili. Na huu mkunjo, tazama, piko imekauka ikapasuka. Wino hupasuka?" Wakainama, vichwa viwili pamoja. Wa upinzani akasema haupasuki. Wa chama tawala akasema basi apige, tumechoka.

Alipotoka amepiga, kidole kimechovywa wino juu ya piko, wanawake kwenye foleni walipiga vigelegele. Mzee Katana akatoka mbio. "Jamani, hapa si harusini!"

"Ni harusini, Mzee!" mmoja akamjibu. "Bi harusi si huyu?"

Vigelegele vile vilikuwa vya Maimuna. Walimwita jina, walimshika mabega. Nami, baada ya toba yote ile, nilisikia wivu ukinipanda tena kifuani, mbichi, kama vile sikusema neno.

Swafiya alikuja mpaka kwangu. Nilijiweka tayari kwa lolote. Akanishika mkono, akasema, "Nisamehe, Bi Rukiya. Nimekusumbua mpaka ukaja nyumbani na mvua hii." Afadhali angenitukana. Nilimwombea dua ya ndoa yake, kwa maneno yaliyonijia, na Bi Zena akamkokota kumrudisha ndani.

Nilirudi kwenye kiti changu cha mlangoni, Maimuna akarudi nyuma ya pazia. Sitawadanganya kuwa tangu hapo tukawa mashoga. Hatukuwa. Aliendelea kupendwa, nami niliendelea kuona wivu. Lakini kidole cha kwanza kilichonitia shaka, nilimwita. Jina lilitoka kama mfupa. Akaja, akatazama, akasema ni hina, akarudi. Nikamwita tena. Na tena. Mpaka jua linaelekea kuzama nilikuwa nimemwita mara kumi, na kila mara alikuja, hatua nne, bila kuguna.

Karibu na kufunga alikuja mwanamke mmoja muuza mboga, mikono mitupu, haina hina, haina piko, haina chochote ila mikwaruzo ya kisu. Niliitazama. Kisha nikaita, "Maimuna!" Safari hii jina halikukwama.

Akatoka, akaishika ile mikono, akaigeuza mara moja, akaniinulia macho.

"Bi Rukiya, hii ni safi kabisa."

"Najua," nikamwambia.